Habari za Kichwa Changu

Mwezi uliopita palikuwa na msichana mmoja katika Darasa la Saba ninalolifundisha, ambaye kila siku ikifika saa nne alilaza kichwa juu ya dawati lake. Nalimkemea mara mbili. Mara ya tatu nikamwuliza ana nini, naye akajibu pole pole bila kuinua macho, “Mwalimu, kichwa kinanibana. Hakiumi sana, kinanibana tu, siku zote.” Wenzake wakacheka, maana kwao neno hilo lilikuwa udhuru wa mvivu. Mimi sikucheka. Nalilijua neno lile kama mtu ajuavyo mlio wa mlango wa nyumba ya kwao, kwa kuwa nami nalilisema, miaka 20 na zaidi iliyopita, mbele ya watu walionipenda sana, wala hawakujua walifanyie nini.

Usiku ule sikulala upesi. Nikaona ni afadhali niyaandike yaliyonipata, ingawa kwa muda mrefu naliona haya hata kumsimulia mke wangu. Huenda mzazi akiyasoma, au mwalimu mwenzangu aliyekwisha kushika fimbo, atauliza swali moja zaidi kabla ya kukasirika.

Nalizaliwa mwaka 1988 katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, mtoto wa kwanza wa watu waliolima mahindi, maharage na kahawa kidogo. Katika shule ya msingi nalikuwa wa kwanza karibu kila mwaka. Mwaka 2003 nikachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya bweni, mbali na kwetu mwendo wa siku nzima kwa basi, na katika kijiji chetu mwaka ule twalichaguliwa wawili tu. Baba akauza mtamba wake wa pekee apate karo, godoro na sanduku la bati. Siku ya kuondoka majirani walikuja kuniaga, bibi yangu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, “Hiki ndicho jembe letu.” Alisema kwa mapenzi. Lakini jembe la nyumba nzima ni kitu kizito kukichukua juu ya shingo ya mtoto wa miaka 15.

Wanaojua shule zetu watakumbuka jambo hili: katika shule ya msingi twalifundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari masomo yote, ila Kiswahili chenyewe, yakawa kwa Kiingereza. Mimi niliyekuwa wa kwanza nikawa wa 31. Aliyesikiwa akisema Kiswahili nje ya kipindi chake alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwingine. Nalikivaa mara nyingi. Nikajifunza kunyamaza, na kwa kuwa nalinyamaza hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nasoma ukurasa mmoja mara nne wala haniingii. Barua za nyumbani nalizijibu kwa kusema mambo yote ni mema.

Ilianza mwezi Machi 2004, nikiwa Kidato cha Pili, katika masomo ya usiku. Kengele ya kuamka ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na jenereta ilizimwa saa nne usiku. Sisi wenye bidii, au wenye hofu, twaliendelea kwa taa ya chemli. Nikaona kama mtu ameniwekea kitu utosini. Wasomaji wanawake watanielewa mara moja, na wanaume waliowasaidia mama zao: mnajua jinsi shingo na kichwa vilivyo baada ya kupanda mlima na ndoo ya maji. Ukiisha kuitua ndoo na kuiondoa ngata, uzito wabaki kidogo, kisha huenda. Kwangu mimi ulibaki. Ngata ilikuwa juu ya kichwa changu wala haikuwapo. Nikajipapasa nywele kutazama. Kisha uzito ukashuka ukazunguka paji la uso na kisogo, kama kamba iliyokazwa, pande zote mbili sawasawa.

Nalilala nao, nikaamka nao. Siku ya tatu nikaanza kuogopa, na hofu ile ndiyo iliyonitesa kuliko kichwa. Usiku mmoja moyo ulinienda mbio bila sababu, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama inatambaliwa na sisimizi. Nikatoka darasani bila kuomba ruhusa nikaenda kusimama karibu na tangi la maji, nimeshika bomba lake la baridi, nikijua hakika kwamba nakufa. Baada ya robo saa hivi ikapita. Nikarudi nikaketi mahali pangu. Hakuna aliyeuliza.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Babangu alikuwa na ndugu mdogo, na huyu baba mdogo alikuwa msomaji kuliko wote wa ukoo wetu. Nilipokuwa na miaka saba hivi alianza kusema peke yake, kisha akaanza kutembea njiani mchana na usiku akiwa amevaa makoti mawili. Watu walisema, kichwa chake kilijazwa elimu kupita kiasi, kikapasuka. Walisema hivyo wakicheka, lakini mtoto hasahau. Basi kila kichwa kilipobana, nalinena moyoni, “Ndivyo kulivyoanza kwake.” Nikajitungia mtihani wangu wa siri. Kila usiku kitandani naliyataja majina ya vitabu vya Agano la Kale kwa mpangilio, toka Mwanzo hata Malaki, nipate kujua kama akili zingali zimo. Nikiruka Obadia, nalianza tena toka mwanzo, jasho likinitoka. Nilipofaulu nalipata nafuu ya dakika chache. Ni kazi ya kuchosha, kujilinda mwenyewe usiku kucha usiwe mwenda wazimu, na asubuhi una kipindi cha hesabu.

Nalipelekwa chumba cha wagonjwa. Kwetu sisi kichwa ni malaria mpaka ithibitike kuwa kitu kingine, na mara nyingi haithibitishwi. Siku zile dawa ya kwanza ya malaria nchini ilikuwa SP, iliyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001. Nalipewa vidonge vitatu vyake, na baada ya wiki chache vitatu vingine, na tena vitatu, bila damu yangu kupimwa hata mara moja. Pamoja navyo nalipewa vidonge vya kutuliza maumivu, na hivi nikavipenda. Vilinipa saa mbili tatu za faraja. Nikaanza kuvinunua dukani kwa fedha za sabuni.

Likizo ya mwezi Juni nikaenda nyumbani nimekonda, na mama alipoona hivyo akalia. Hapo ndipo safari zilipoanza. Naliangaliwa macho, yalikuwa mazima. Naliangaliwa meno. Baba akakopa fedha, tukaenda hospitali kubwa mjini kupiga picha ya kichwa kwa eksirei. Twalingoja toka asubuhi hata alasiri. Yule aliyeitazama picha aliinua juu kwenye mwanga, akasema maneno machache, “Kichwa hakina kitu,” akaita mgonjwa mwingine. Nimekuja kujua baadaye kwamba eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, wala haionyeshi ubongo, kwa hiyo hata kama mngalikuwamo kitu, huenda kisingalionekana. Yaani baba alilipa shilingi za kukopa kwa jibu ambalo picha ile haikuweza kulitoa. Lakini siku ile twaliliamini. Katika basi baba hakusema neno mpaka tulipoanza kupanda milima. Kisha akasema, akitazama nje, “Nimemwuza mtamba wangu, na kichwa chako hakina kitu.” Sijui hata leo kama alitania au alilia. Ndugu zangu walilishika neno lile likawa mchezo wa nyumbani: nikisahau kufunga mbuzi, kichwa hakina kitu, nikimwaga chai, kichwa hakina kitu.

Mtu mwenye maumivu akiambiwa hana kitu, hufikiri ameambiwa kuwa ni mwongo. Ningalifurahi zaidi kama picha ingalionyesha jiwe.

Bibi yangu, kwa mapenzi yale yale, alinipeleka kwa mganga upande wa pili wa bonde. Yaliyofanywa huko siyasimulii, yanajulikana. Nitasema matunda yake tu. Mganga alinena kwamba amenitazama kwa jicho baya mwanamke wa karibu, ambaye mtoto wake hakuchaguliwa. Shangazi yangu alikuwa na mtoto ambaye hakuchaguliwa. Kwa miaka minne shangazi hakukanyaga uani kwetu, wala sisi kwake, naye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa amelazwa kwa kuzaliwa mdogo wangu. Katika mambo yote ya ugonjwa ule, hili ndilo ninalolisikitikia kuliko yote, maana kichwa changu kilipona vya kutosha lakini undugu ule haukurudi kamili.

Wengine waliniombea, na maombi yao nayashukuru. Ila mmoja, aliyeona kwamba baada ya siku tatu za maombi kichwa kingali kikibana, alisema iko dhambi niliyoificha. Nikaitafuta. Mvulana wa miaka 16 akitafuta dhambi hawezi kuikosa. Nikaungama kwamba naliiba embe na kwamba nalimwonea kijicho mwenzangu, na kichwa kikabana vile vile, sasa kikiwa na aibu juu yake. Baadaye sana, nikijitayarisha kufundisha watoto habari za Eliya, naliona jambo ambalo nalikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Alipokimbilia nyikani, akaketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza kwa kumwuliza dhambi yake. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Maneno yalikuja siku nyingi baadaye, mlimani.

Mwezi Desemba 2004, baada ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili, ambao naliufanya kama mtu aandikaye ndani ya moshi, nalimwambia mama sirudi tena shuleni. Mama hakunijibu. Kesho yake akanipeleka kwenye zahanati ya kata, si kwa tumaini kubwa, bali kwa sababu alikuwa akimpeleka mdogo wangu mwenye kikohozi. Pale palikuwa na tabibu mwanamke, mtu wa makamo, aliyehamia karibuni. Alipomaliza na mdogo wangu, alinitazama akamwuliza mama, “Na huyu kijana?” Mama akamweleza. Naye akamwomba mama atuache kidogo.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba mwanangu. Keti. Niambie kinavyobana, usiniambie walivyokuambia wengine.”

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza habari za ngata. Hakucheka. Kisha akauliza maswali mengi, na leo natambua kwamba kila swali lilikuwa na sababu. Je, kilianza ghafula siku moja kama radi, kwa maumivu ambayo sijapata kuyaona? La. Je, natapika alfajiri? Je, naona vitu viwili viwili, au macho hufifia? Je, mkono au mguu mmoja umelegea? Nimewahi kuanguka kifafa? Nilipigwa kichwani? Nimepata homa pamoja na shingo kukakamaa? Nikajibu la, la, la. Akaniangaza macho kwa kurunzi, akanitembeza juu ya mstari wa sakafu, akanifumbisha macho nikaigusa pua yangu kwa kidole. Akasema, “Kama ungalijibu ndiyo kwa hata moja, leo hii ningalikupeleka hospitali. Sasa niambie: siku ya Jumapili jioni kikoje?” Nikafikiri, nikamwambia Jumapili jioni ni kibaya zaidi. “Na siku mnapovuna mahindi?” Nikashangaa. Siku tulipovuna nalikuwa nimekisahau mpaka usiku.

Akaniuliza vidonge. Nikamwambia, nikipunguza kidogo. Akaniangalia tu, nami nikamwambia kweli.

Ndipo akasema, “Unaogopa nini hasa?” Nikanyamaza muda mrefu; naliwasikia watoto wakilia nje. Kisha nikamtajia baba mdogo, na makoti yake mawili, na Obadia. Nililia, jambo ambalo kijana wa kwetu hafanyi mbele ya mwanamke asiyemjua. Akaningoja. Akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja: kwamba ugonjwa wa baba mdogo ni ugonjwa mwingine, nao hauletwi na kusoma, kwamba mwenye wasiwasi hujipima kila saa kama akili zimo, na kujipima huko kwenyewe ni kazi ya akili iliyo nzima, na kwamba kichwa changu kinabana kweli, si uongo, si uvivu.

Hakunipa dawa. Alinipa kazi. Nichukue daftari, na kila siku niandike mstari mmoja: naliilala saa ngapi, nalikula nini asubuhi, nalimeza kidonge au sikumeza, kichwa kilibana kiasi gani toka sifuri mpaka kumi, na siku ile palikuwa na jambo gani. Nirudi baada ya siku 30. Mwalimu hapendi kusahihisha kitu kama anavyopenda kukisahihisha kwa hesabu, nami nadhani siku ile ndipo ualimu uliponiingia.

Tulipolisoma daftari pamoja, siku 24 kati ya 30 zilikuwa na vidonge. Tabibu akaniambia kwamba dawa za kutuliza maumivu, zikimezwa karibu kila siku kwa miezi, huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Kichwa huzizoea, zikipungua kinalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Tangu siku hizo nimesoma kwamba waganga wa kichwa ulimwenguni wameweka mpaka: parasetamoli na jamaa zake zisitumike siku 15 au zaidi katika mwezi, na dawa zilizochanganywa pamoja zisitumike siku 10 au zaidi. Mwenye duka hatakuambia haya. Nikaviacha. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia, naye alikuwa amenionya, na kwa sababu alinionya sikukata tamaa. Wiki ya tatu ulipungua ule uzito wa asubuhi.

Kisha akanifundisha kupumua, jambo nililodhani najua. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, ambacho huuandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, pumzi hukazana, misuli hujikaza. Kama chui yupo, ni msaada mkubwa. Kama chui ni karatasi ya mtihani, mtu haendi popote. Anaketi pale pale akihema upesi, hata hewa ya kaboni katika damu yake hupungua kupita kiasi, na hapo ndipo vidole hufa ganzi na midomo kutambaliwa na sisimizi. Basi kumbe sikuwa nikifa penye lile tangi la maji. Nalikuwa nikihema. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyoingiza, mara kumi, mara ishirini, mpaka mwili usadiki kwamba chui hayupo.

Na ile ngata? Ubongo wenyewe hauna hisi ya maumivu; viumavyo ni vile vinavyouzunguka, misuli ya kichwa na shingo, ngozi, utando na mishipa ya damu. Ugonjwa wa kichwa kubanwa pande zote mbili, bila kutapika, ambao hauzidi mtu akitembea, ndio ulio wa kawaida kuliko magonjwa yote ya kichwa duniani. Ukimshika mtu siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, huitwa sugu. Wataalamu hawajaumaliza, hudhani kwamba misuli na mishipa ya fahamu, ikikazwa siku nyingi, huzidi kuwa myepesi wa kuhisi, hata kitu kidogo huonekana kikubwa, kama mlango uliozoea kugongwa unavyotikisika kwa upepo. Kukosa usingizi huuzidisha, na njaa, na wasiwasi. Wengine hupewa na daktari dawa iitwayo amitriptilini, kidogo, wakati wa kulala. Mimi sikuihitaji, lakini namjua mtu iliyemsaidia.

Naona pia kwamba sikuwa peke yangu barani mwetu. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Kanada, Raymond Prince, aliyefanya kazi Nijeria, aliandika habari za wanafunzi wa huko waliomjia wakilalamika kwamba vichwa vyao vinabanwa, vinawaka, vinatambaliwa na kitu ndani, nao wakisoma hawashiki neno. Nilipoisoma habari hiyo nalifunga kitabu nikatembea nje kidogo. Wengine waliokuja nyuma yake wamebishana naye, wakisema si ugonjwa wa peke yake bali ni wasiwasi na huzuni zilizovaa nguo za shule. Na wabishane tu, hilo ni shauri lao. Ninalolijua mimi ni kwamba wavulana wale walikuwa ndugu zangu. Washona wa Zimbabwe wana neno, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nao wanajua kwamba huleta maumivu ya kichwa. Kule Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwaweka akina bibi wazee kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kulitatua jambo moja kwanza. Kazi yao ilipopimwa kwa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, waliosikilizwa walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Sisi nasi twasema mtu “ana mawazo,” na kila mtu anaelewa. Kisha twampa kidonge cha malaria.

Nalirudi shuleni Januari 2005. Mtihani nalikuwa nimeupita, kwa alama ambazo sizitaji. Kichwa kilinibana Kidato cha Tatu chote, na cha Nne, lakini sasa nalijua jina lake na tabia zake, nami nalilala saa saba kila usiku hata wenzangu wakiniita mvivu. Obadia niliacha kumtafuta. Habari za miaka ile si ndefu. Mtu akipata nafuu hana mengi ya kusimulia.

Baba mdogo alipelekwa hospitali mwaka 2008, kwa kuwa yule tabibu hakuacha kumwambia baba kwamba hata ugonjwa ule una dawa. Akapata dawa, akatulia, akachunga mbuzi zake. Alifariki mwaka 2015, kitandani mwake, wala si njiani. Baba naye, kabla hajazeeka sana, aliniuliza siku moja tukipalilia, “Kile kichwa, bado?” Nikamwambia, “Bado kidogo, baba.” Akaendelea kupalilia. Tulipofika mwisho wa tuta akasema, “Siku ile ya picha, mimi naliogopa kuliko wewe.”

Sasa nirudi kwa msichana wangu. Naliendelea kufikiri, nikaenda kwao siku ya Jumamosi. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akanieleza bila kuficha kwamba wamemwambia mtoto asipofaulu mtihani wa mwaka huu atapelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa watu. Alisema hivyo kumtia bidii. Msichana alikuwa anasikia nyuma ya mlango. Nilikiona kivuli cha miguu yake. Nikamwuliza mama asubuhi huyu mtoto hula nini kabla ya kuja shule. Akatazama chini, nami nikajuta kuuliza mbele ya watoto.

Nikamwomba ampeleke kwanza zahanati aangaliwe vizuri, damu na macho, wala wasimpe kidonge kila akilalamika. Wakampeleka. Damu yake ni pungufu kidogo, wamempa dawa ya chuma. Mengine ni mazima. Nikampa daftari moja la shule, nikamwonyesha jinsi ya kuandika mstari mmoja kila siku. Darasani nalimwambia mbele ya wenzake kwamba akichoka na atoke akakae chini ya mwembe kwa dakika kumi, na yule aliyecheka zaidi ya wote nikampa kazi ya kumchukulia maji.

Jana aliniletea daftari. Mistari ilikuwa 19, kwa mwandiko mdogo uliobanana. Nyingi zilikuwa na namba sita na saba. Mmoja ulisema: “Jumapili. Mbili. Tulikwenda mtoni na mama, akaniambia hataki niende mjini.” Nalimrudishia nikamwambia aendelee kuandika. Kisha nikabaki ofisini na karatasi 112 za kusahihisha, na ilipofika saa kumi na mbili jioni nikaisikia ngata yangu ya zamani ikikaa mahali pake. Nikazifunga karatasi kwa kamba, zimebaki 40, nikaenda nyumbani kulala.